Paka wa Bi Lila aliyelishwa choroko: kwa nyinyi mnaoanza kuacha nyama na ngozi

Mwaka wenyewe siujui kwa namba, wakuu. Naujua kwa chungu.

Ni mwaka tuliokula makopa asubuhi, makopa mchana, na jioni makopa yaleyale tukayaita ugali. Makopa, kwa nyinyi watoto wa juzi, ni muhogo uliomenywa ukaanikwa mpaka ukawa mgumu kama jiwe. Unautwanga, unausonga, unamshukuru Mungu. Samaki hatukumkosa. Wali ndio tuliokuwa tukiuona kwenye sahani za wenzetu.

Ilikuwa miaka ya hamsini, Mwingereza bado yupo, na mimi ndiyo kwanza nimeolewa Munje.

Basi salamu zenu nyote, mabwana na mabibi. Wenye shikamoo zao nimezipokea, marahaba. Ninayoyaandika yalinipata mimi mwenyewe, sikuhadithiwa. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina.

Nimeona humu jukwaani kijana ameuliza. Ameacha nyama na maziwa, sasa paka wake amlishe nini, na viatu vya ngozi avitupe au avimalize? Mmemcheka kurasa nzima.

Mjukuu wangu Rehema, anayefanya kazi hotelini Diani, naye ameniletea swali hilohilo. Anajiita vegan. Nikamwambia, mama, jina ndilo geni. Watu hao mimi nimeishi nao kabla mamako hajazaliwa.

Sasa msinikatize.

Msambweni palikuwa na mjane wa Kibanyani, Bi Lila, mwenye duka la nafaka na kanga. Alizaliwa Vanga. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kuliko cha wengi wenu humu, msikasirike.

Bi Lila hakula nyama, hakula samaki, hakula yai. Asali hakuitaka nyumbani kwake, alisema ni jasho la nyuki, wameporwa. Maziwa alikunywa, kwa hiyo Rehema anasema hakufika. Mimi nasema alifika mbali kuliko wanaojisifu.

Kazi aliyonipa mtaicheka. Nilikuwa nachambua choroko na dengu zake, nawatoa fukusi, wale wadudu wadogo wa ndani ya nafaka, nawatia kwenye kifuu. Kisha nawapeleka nyuma ya nyumba, nawamwaga kwenye majani.

Wazima! Si kuwaponda. Kuwahamisha.

Siku ya kwanza niliponda mmoja kwa kidole gumba, kwa mazoea tu. Bi Lila akakiangalia kidole changu kama anayeangalia maiti.

"Mwanaisha mwanangu, alikukosea nini?"

"Amekula choroko zako, Bi Lila."

"Na wewe jana ulikula choroko zangu. Nikuponde?"

Sikuponda tena.

Nguo ndizo zilizonishangaza zaidi. Hariri hakuvaa. Nilidhani ni ya matajiri tu, kumbe, akaniambia, ule uzi ni nyumba ya mdudu, na mdudu anachemshwa humohumo ndani. Wallahi sikuwa najua. Sufu hakuigusa. Alivaa pamba, akalalia mto wa sufi ya mti, na miguuni mitalawanda, vile viatu vya mbao. Ukimsikia ko ko ko kwenye sakafu unajua mwenye duka anakuja.

Mimi nilikuwa na makubadhi ya ngozi, mazuri, mume wangu aliniletea kama sehemu ya mahari. Bi Lila hakunikataza kuyavaa. Aliniomba tu niyaache nje. Nikawa nayavua kizingitini, naingia peku.

Ukiingia peku kila siku unaanza kujiuliza. Nikajiuliza mpaka siku moja nikamwachia dada yangu makubadhi yale, nikachonga mitalawanda yangu. Mume wangu alinuna. Akazoea.

Mpaka leo sijavaa ngozi. Kandambili zangu za plastiki zinanitosha. Hilo nililipata kwa Bi Lila na silitoi.

Basi. Mwaka ule wa njaa panya nao waliona njaa. Wakahamia dukani wote. Wanatoboa gunia mchana, mbele ya mteja, bila haya. Bi Lila mtego hataki, sumu hataki.

Nikasema, Bi Lila, nitakuletea paka. Hatakuwa wa kuua, atakuwa wa kutisha.

Akafurahi sana! Nikamtoa paka mdogo pwani kwetu Munje, penye kuparuliwa samaki, mwili mzima unanuka. Mimi nilimwita Shombo. Yeye akamwita Moti, akasema kwao ni lulu. Paka akaitika yote mawili.

Akamvisha njuga shingoni, panya wasikie wakimbie. Akamtengenezea mlango wa wavu ili asitoke kwenda kwa wauza samaki. Akamlisha kabla hajala yeye mwenyewe. Wali na choroko, maziwa kidogo, samli kwa juu. Wakuu, mwaka ule kulikuwa na watoto wa watu wasioonja samli. Paka akala samli.

Ng'ambo ya barabara alikuwepo Mwanamkasi, akikaanga samaki na kutukana wapita njia. Kila asubuhi alimpigia kelele.

"Bi Lila! Huyo paka wako atasilimu lini? Maana kufunga anajua kushinda mume wangu!"

"Mumeo mlishe choroko, atajua!" Bi Lila anamjibu, na duka zima linacheka.

Mimi nilicheka pia. Ilikuwa raha. Sitaki mdhani palikuwa na ubaya pale.

Ikapita misimu. Makopa yakaisha, wali ukarudi, na mimi nikawa na mtoto wa kwanza mgongoni.

Siku moja paka akaruka kutoka kwenye gunia aende juu ya meza ya duka, mruko aliouruka maisha yake yote. Akapungukiwa. Akapiga kidevu kwenye ukingo wa meza, akaanguka.

Nilidhani ni bahati mbaya. Kesho akarudia.

Manyoya yakawa hayana nuru, kama kamba ya nazi. Mboni zikawa kubwa, kubwa mchana wa jua kali, zinawaka kama kioo cha taa. Nikapitisha kidole mbele ya uso wake. Hakukifuata. Panya akapita karibu na mkia wake, anatembea, hakimbii.

Nikamwambia Bi Lila, paka anapofuka.

"Ni joto," akasema.

"Ni chakula. Mpe samaki. Mpe dagaa wawili tu, mimi nitamletea, wewe usiwaguse."

Akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mgumu kama ukuta, "Mwanaisha, dagaa akifa kwa ajili ya nyumba hii, amekufa kwa mkono wangu. Nitajibu nini?"

"Na paka akipofuka kwa ajili ya nyumba hii?"

Hapo akalia. Sikumwona akilia hata alipomtaja marehemu mumewe. Akaenda kumchemshia maziwa, akamwongezea samli. Ndiyo dawa aliyokuwa nayo.

Kwa hiyo tukakaa hivyo. Mimi nachambua fukusi, nawapeleka nje wazima, na ndani paka anakwenda kwa kupapasa ukuta. Nilikuwa natoka na kifuu changu nasema moyoni, fukusi wana bahati nyumba hii kuliko paka wa nyumba.

Mpaka siku paka alipoingia jikoni akifuata harufu ya maziwa, akakanyaga makaa.

Ule ukelele! Mwanamkasi aliacha kikaango chake akavuka barabara.

Mguu wa mbele uliungua wote chini. Dawa ya moto tuliyoijua ni asali, na asali haiingii kwa Bi Lila. Akasimama, mikono kichwani. Akaniangalia mimi, akaangalia mguu.

"Mpeleke kwenu," akasema. "Mtibu huko kwa unachokijua, mimi nisione. Akipona umrudishe."

Nikamfunga kwenye kanga, mtoto mgongoni, paka kifuani, nikaenda Munje.

Nilimpaka asali. Na jioni ile nikamwekea kichwa cha samaki changu. Hakukiona, alikinusa. Jamani, nimewaona watu wakifuturu, sijaona kufuturu kule. Alikula huku analia. Alikula mfupa, akalamba na mahali mfupa ulipokuwa.

Mguu ukapona. Manyoya yakarudi, mgongo ukanenepa. Macho hayakurudi. Alijifunza uwanja wangu kwa masharubu, akawa anaota jua kwenye kinu.

Kisha Bi Lila akaja kumchukua.

Hapa nisimame kidogo niseme ninayotaka kuyasema, maana nikifika pale mlangoni kwangu aliposimama sina hamu ya kuendelea.

Wewe kijana uliyeuliza, na wewe Rehema. Nguo ni zako. Anza na nguo, ndipo pepesi. Viatu vya ngozi ulivyonavyo ukitaka uvimalize, ukitaka umpe mwenye shida, lakini usinunue vingine. Vaa pamba. Vaa mpira. Lalia sufi ya mti. Mwili ni wako na nia ni yako, hakuna wa kukulaumu, na mwenye kukucheka humu acheke.

Paka si mwili wako.

Mganga wa mifugo aliyemwona paka wa Rehema alitueleza, kuna kitu ndani ya nyama, paka asipokipata macho na moyo vinaharibika. Akasema siku hizi kinatengenezwa kiwandani na kutiwa kwenye vyakula vya mimea vya paka, lakini usimpikie mwenyewe kwa kubahatisha, umuulize daktari kwanza. Nilipolisikia hilo nilitoka nje nikakaa barazani peke yangu. Miaka yote ile, na kitu chenyewe kina jina.

Habari ya mbwa msiniulize, sijafuga. Wanasema yeye anavumilia zaidi. Wenye mbwa waseme.

Na ukishindwa kununua nyama kwa mkono wako, usifuge paka. Fuga sungura, fuga njiwa, wanakula unachokula wewe. Hilo ndilo ningemwambia Bi Lila kabla sijamletea paka, lau ningekuwa na akili ya leo. Wakati ule mimi nilijua panya tu.

Kilichonikaa rohoni si paka. Paka aliishi, akazeeka, akafa juu ya kinu changu, ameshiba.

Kilichonikaa ni yule mama. Baada ya siku ile hakunisemesha tena. Nilipita dukani, alinipimia nilichotaka, akaniwekea juu ya meza badala ya kunipa mkononi. Kazi ya fukusi akaifanya mwenyewe, na macho yake yalikuwa yamechoka. Siku moja nikakuta duka limefungwa, wakasema amechukuliwa na nduguze Mombasa. Sikuagwa. Mwanamkasi aliniambia aliondoka na mto wake wa sufi kwapani na hakutazama nyuma.

Aliyenifundisha huruma ndiye niliyemnyima. Bado nasema nilikuwa na haki. Kuwa na haki hakujanipunguzia kitu, wakuu. Ukiniuliza leo ningefanya nini, ningefanya vilevile, na ningeumia vilevile.

Semeni na nyinyi. Nani humu amewahi kugombana na mtu mwema, si mtu mbaya, mwema? Mlipatana? Kwa njia gani? Hilo ndilo nataka nijibiwe, ya chakula nimeshayamaliza.

Sasa mlangoni.

Alikuja kwa miguu kutoka Msambweni, jua la mchana, mitalawanda mkononi kwa sababu mchanga ulikuwa unaimeza. Hakuwahi kuja kwangu kabla ya siku ile. Hakuingia ndani, nyumba ilikuwa inanuka samaki, nami nilimwonea haya kwa hilo. Akasimama juani.

"Amepona?"

"Mguu umepona."

Paka akasikia sauti. Akashuka kwenye kinu, akaenda kwa kunusa mpaka kwenye miguu yake, akajisugua. Alimjua. Bi Lila akachuchumaa, akamshika kichwa, akayaangalia yale macho.

"Moti," akamwita. Akainua uso. "Nimekuja kumchukua, Mwanaisha. Nyumba ni kimya."

Nikasema, "Simrudishi, Bi Lila. Wewe umenuia, paka hakunuia."

Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu. Alisimama, akakung'uta mchanga kwenye sari, akasema polepole kama anayeomba maji, "Sina mtoto. Nitamchunga vizuri zaidi. Nipe mwanangu, nakuomba."

Nilitafuta maneno mengine, laini kuliko yale. Nilitafuta kweli. Paka alikuwa bado anajisugua miguuni pake, na mimi sikuwa na mengine.

"Simrudishi, Bi Lila. Wewe umenuia, paka hakunuia."