Goti Langu na Mama Mkwe

Jumapili ile goti langu la kulia lilijaa hata nikashindwa kuvuta suruali juu yake. Kazi yangu katika karakana ya reli ilikuwa ya kupiga magoti juu ya chuma tangu asubuhi. Kesho yake, Jumatatu, daktari wa kambi ya wafanyakazi tulimoishi angetupanga mstari atukague miguu. Aliyechechemea mkataba wake ulikwisha, na nyumba ilikwenda na mkataba. Nilikuwa nimemwona jirani yetu akipanda treni na godoro lake kichwani, mke nyuma, bila kuaga mtu.

Aliyejua dawa alikuwa mama mkwe wangu, aliyekuja kutoka Kasai kumsubiri mjukuu. Ila kwetu mama mkwe hamtazami mume wa binti yake, hamsemeshi, wala hamgusi. Basi yeye aliketi nyuma ya nyumba kando ya mbabula, jiko letu la makaa, mimi nikalala ndani kwenye mkeka, na ukuta wa matofali kati yetu. Mke wangu aliyapasha majani ya mbarika juu ya makaa mpaka yakalegea, akaniletea, akanifunga. Tangu Ijumaa tulifanya hivyo, na tangu Ijumaa goti lilizidi kujaa.

“Muulize bwana yako,” sauti ikasema nje, “inamuluma namna gani?”

“Inamuluma kama jino, mama.”

“Ngozi inang’aa?”

“Inang’aa.”

“Gusa. Iko moto ao iko baridi?”

Mke wangu akaniwekea kiganja. “Iko baridi.”

Nilisikia makaa yakipasuka. Mimi goti langu lilikuwa linawaka, lakini mume hajadili mwili wake mbele ya mama mkwe, hata kupitia ukuta. Niliuma shuka.

“Iko baridi, na inang’aa,” sauti ikarudia polepole. “Na wewe, mikono yako ilikuwa fasi gani mbele ya kumugusa?”

“Kwa mbabula, mama. Nilikuwa nageuza majani.”

“Tangu Ijumaa?”

“Tangu Ijumaa.”

“Na mikono ya moto unapimaka moto?” Akavuta pumzi. “Na huyu anasoma bitabu mingi, lakini kusema ‘aï’ inamushinda.”

Mke wangu akacheka kidogo, kisha akaacha. Mlango wa nyuma ulikuwa umefunguka.

Mama mkwe aliingia kinyumenyume. Alikuwa amejifunika kitenge kichwani mpaka kidevuni, akinyoosha mkono nyuma yake kama mtu anayetafuta kiti gizani. Niligeuza uso ukutani. Jasho likanitoka, sikujua niogope nini zaidi, goti au aibu. Vidole vyake, vikavu na baridi, vikatua juu ya goti, vikabonyeza pembeni, vikangoja, vikabonyeza tena.

“Usaha haiko,” akamwambia binti yake. “Ingekuwa usaha, ningesema mubebe kwa munganga leo. Lakini iko moto sana. Goti ya baridi tunaipasha. Goti ya moto, tunaongeza moto juu ya nini? Leta majani mabichi. Twanga na tangawizi kidogo, weka mayi ya mutungi. Na alale, asitembeze mguu.”

Akatoka jinsi alivyoingia, kinyumenyume, akikohoa ili mtu yeyote asikutane naye mlangoni.

Majani yale ya baridi yalinuka kama mto baada ya mvua. Kila yalipopata joto la mwili wangu, mke wangu aliyabadilisha. Jioni niliona tena umbo la mfupa wa goti. Maumivu hayakuondoka, yalishuka tu, kama sauti ya mtu aliyechoka kugomba.

Asubuhi daktari alinibonyeza goti kwa dole gumba akinitazama machoni. Nilitazama mabati ya paa.

“Marche.”

Nikatembea mpaka mlangoni, nikarudi. Kila hatua niliikanyaga nimeuma meno. Akatazama mguu, akatazama uso, kisha akanipitisha, akaita wa nyuma yangu.

Nilipofika nyumbani sauti iliuliza kutoka nyuma ya ukuta, “Amekuja na miguu, ao wamemubeba?”

“Na miguu, mama,” mke wangu akajibu.

Nikasikia mchi ukianza tena kutwanga. Mguso wa jana haukuwa umefutwa bado, na kwetu mwiko kama huo hufutwa kwa kuku mweupe tu, anayepewa mama mkwe. Kwa hiyo sikukaa. Nilichukua kofia, nikatoka tena, nikichechemea sasa bila kujificha, kwenda kutafuta kuku.