Meno Matatu ya Kerezo la Baba Mdogo

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, kwa sababu Mtwara nzima ilikuwa imehama na kuniacha mimi.

Usicheke ninapokuita mwanangu, Issa. Najua tumepishana miaka michache tu, lakini mimi ni mzee wa kidato cha tatu, nahamia bwenini, na godoro utakalolirithi nyumbani kwa Baba Mdogo Selemani, ukishika nafasi yangu karakanani kwake, nimelitoboa kwa mgongo wangu mwenyewe. Heshima kwanza.

Ulikuwa mwisho wa Ramadhani. Wenzangu wote wa shule walikwisha kwenda kwao, na nyumba za mtaa wetu wa Chikongola zilinukia maandazi yasiyonihusu. Mama alikuwa kijijini Msimbati. Njia yangu ya kumfikia ilikuwa mashua ya mashine ya Mzee Hamisi, nayo ililala ufukweni Shangani ikingoja shafti ya rafadha, lile panga la kusukuma maji, kutoka karakana yetu. Shafti ikikamilika, nasherehekea Idi na mama. Isipokamilika, nabaki na Baba Mdogo, ambaye tangu mkewe afariki alikuwa msemaji kuliko mlango kwa kidogo tu. Na neno alilolipenda lilikuwa "Nyamaza."

Sasa, kerezo letu, ile mashine ya kuzungusha na kuchonga vyuma, lilikuwa limepata chaki mpya, yaani mpya kwetu, kuukuu kwa wengine. Siyo chaki ya ubaoni! Ni lile duara zito la chuma lenye meno matatu, linalobana kitu kinachokerezwa. Meno yaligoma. Unazungusha ufunguo mpaka mishipa ya shingo inakutoka, yanasogea upana wa ukucha, halafu kimya.

Nikachukua nyundo.

"Weka chini," akasema Baba Mdogo.

"Nayatisha tu, Baba."

"Ukiyapiga yatafunguka leo, na kesho hayatashika kitu kikanyooka. Nyamaza nisikilize chuma."

Akainama, akainusa chaki. "Korosho," akasema.

Kumbe mwenyewe wa kwanza, kwa kuogopa kutu ya hewa ya bahari, aliipaka yale mafuta meusi ya maganda ya korosho, kama tunavyopaka nguzo za nyumba kuzuia mchwa. Kutu haikuingia, ila mafuta yaliganda kama gundi ndani ya njia za meno.

"Tushukuru, Baba. Angalau haijaliwa na mchwa."

Hakucheka hata kwa pua.

Tukayatoa meno moja moja kwa subira, tukayaloweka katika mafuta ya taa, tukakwangua mifereji kwa kijiti cha mpingo kisichochubua chuma. Vidole vyangu vilibabuka kama vya mtoto aliyeiba korosho mbichi. Kwa kuwa kimya cha pale kilinielemea, nikaigiza mwendo wa mwalimu wetu wa hesabu, tumbo mbele na kitabu kwapani. "Nyamaza." Nikarudisha meno kwa haraka, yakakataa kukutana katikati. Baba Mdogo akayatoa tena bila neno, akanionyesha namba zilizogongwa ubavuni: kila jino na njia yake, kwa zamu yake. Safari hii yaliteleza hadi nikataka kuyabusu. Kabla ya alasiri tulikwisha kuikereza shafti, ikapelekwa kwa Mzee Hamisi.

Kesho yake asubuhi, mfuko begani, nikasimama mlangoni. "Baba, twende wote. Mama atapika pilau."

"Nani atakaa na kerezo?"

"Litakimbilia wapi na uzito ule?"

Akaendelea kuifuta chaki iliyokwisha kuwa safi. Nikaenda zangu.

Msimbati tulikula, tukapiga kelele, mama akanipenda kupita kiasi. Lakini katikati ya pilau nikaiona akilini ile karakana, na tonge likawa kubwa mdomoni.

Niliporudi nilimkuta pale pale, anazungusha ufunguo, meno yanafunguka na kujifunga bila kubana kitu. Sahani moja ilikuwa imefunikwa mezani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Kwa mara ya kwanza nilikosa mzaha. Kisha, bila kugeuka, akauliza:

"Yule mwalimu wako wa hesabu. Alikuwa anatembeaje vile?"

Nikatupa mfuko, nikatembea karakana nzima, tumbo mbele. Hakucheka. Lakini aliuweka ufunguo chini, akageuza kiti anitazame.

Basi, mwanangu, meno yakigoma usiguse nyundo. Yatoe, yasafishe, soma namba kabla ya kurudisha. Atakuambia unyamaze, wewe mwambie habari za shule, hata za uongo. Na Idi ikikaribia usimwalike ukiwa mlangoni na mfuko begani kama mimi. Mwambie mapema, mkunjie kanzu yake mfukoni wewe mwenyewe, na akikataa kabisa, rudi upesi na pilau ya mama.

Mungu akupe vidole visivyobabuka na mdomo usiochoka, akuweke salama na huyo mzee wetu. Na kulikwepa lile tundu la godoro, lala upande wa ukutani.