Leseni Iliyoandikwa Jina Langu

Kuanzia Sosiot mpaka Kaplong, mtu akikwambia kompyuta yake ya kwanza hakuwekewa na mimi, muulize vizuri. Labda ni mgeni. Nimeweka kompyuta kwenye maduka ya mbolea, kwenye shule, kwenye ofisi za makanisa ambayo hayasalimiani, na kwenye vyama vya maziwa ambavyo leo vina mameneja wenye digrii. Mimi niliacha shule darasa la sita. Sisemi hivyo kwa aibu. Nasema ili ujue nilikotoka na mahali nilipofika bila kushikwa mkono na mtu.

Nilianza kama tarishi katika ofisi ya shamba kubwa la chai. Kompyuta zilipoletwa, mimi ndiye niliyezishusha kutoka kwa lori, na fundi aliyekuja nazo kutoka Nairobi alikuwa mtu wa kupenda maongezi. Nilimuuliza ile stika ya nyuma ni ya nini. Akasema, "Hiyo ndiyo leseni. Siku mashine ikifa na hii namba imepotea, mnanunua programu upya." Neno hilo lilinikaa kichwani. Nilielewa siku hiyohiyo kwamba kompyuta ni bati na waya tu, na kinachoifanya iwe yako ni ule mstari wa herufi na namba usiosomeka kama neno lolote.

Nilipofungua duka langu, sikuuza kompyuta tu. Kila mtu anaweza kuuza. Nilitunza leseni za watu, na hilo hakuna mwingine aliyelifikiria huku kwetu. Mkulima ukimpa karatasi yenye namba ya leseni ataiweka juu ya dari, moshi uile, au panya, au huu ukungu wetu ambao huingia mpaka ndani ya Biblia. Kalamu ya kawaida ilikuwa inafifia kabla ya mwaka kuisha. Ndipo siku moja, nikimsubiri muuza dawa za mifugo anipimie dawa ya kupe, nikaona hereni za ng'ombe zimetundikwa ukutani, zile za manjano za plastiki za kuandika namba ya mnyama na kumvisha sikioni, pamoja na kalamu yake maalumu. Wino huo haujali mvua, haujali josho, ng'ombe anajikuna nao kwenye miti miaka yote na namba bado iko. Nikanunua pakiti nzima.

Kila mashine niliyoweka nikaipa hereni yake. Upande mmoja jina la mwenyewe, upande wa pili leseni na siriali, namba ya mashine yenyewe. Nikazitunga kwenye waya na kuutundika nyuma ya mlango wa chumba cha kulala. Mke wangu aliutazama siku ya kwanza akasema, "Wanaume wengine wana ng'ombe. Mimi nimeolewa na mwenye masikio." Alinicheka mpaka akakaa chini. Lakini shule ilipoibiwa mashine, nani aliyewapatia siriali za kupeleka polisi? Kanisa lilipobadilisha kompyuta, nani aliyewafungulia programu yao bila kununua nyingine? Huo waya.

Chama chetu cha maziwa tulikianzisha wachache, na mimi ndiye niliyesema tuwe na programu ya kuandika kilo za kila mkulima. Wazee walinishangaa. Mmoja aliniambia, "Sasa wewe, hiyo kompyuta itajua maziwa yametiwa maji?" Nikamwambia haitajua, lakini itajua ni ya nani. Hapo wakaanza kuuliza bei.

Kampuni ya Nairobi iliyotuuzia ilitaka jina la mwenye leseni, kitambulisho chake na barua pepe yake. Chama wakati huo kilikuwa hakijasajiliwa. Hatukuwa na barua pepe, hatukuwa na mhuri, tulikuwa na mizani na nia. Kamati yote ilikuwa imekaa kwenye benchi la duka langu. Mwenyekiti mwenyewe alisema, "Weka jina lako tusonge mbele." Nikaweka. Stika iliyokuja na programu nikaibandika nyuma ya sanduku la kompyuta, na namba yake nikaiandika kwenye hereni kama kawaida.

Miaka ikapita, chama kikakua. Tukapata mtambo wa kupoza maziwa, tukaajiri meneja, msichana wa kwetu aliyesoma mpaka mwisho. Mimi nikarudi kuwa mkulima tu mwenye mkebe wake kwenye foleni, na sikulalamika. Niliwaachia mpango mmoja mzuri: kila jioni, kilo za siku zinakiliwa kwenye flashi, na flashi inakaa kwa meneja. Mpango huo waliufuata.

Sasa, mtu asiyejua maziwa hawezi kuelewa kilichotokea baadaye. Kwenye chama cha maziwa usafi si mchezo. Tone moja lililokauka linaweza kuharibu tangi zima. Akina mama wanaofanya kazi pale wamefundishwa kwamba kitu chochote kilichoko ndani ya ule mlango kinasuguliwa kwa maji ya moto, sabuni na waya wa sufuria. Wakaguzi walipotangaza kwamba watakuja, akina mama walisugua mikebe, wakasugua mizani, meza, vitasa vya milango, na walipofika kwenye kompyuta hawakuiruka. Waliing'oa umeme kwanza, hilo nawapa. Kisha wakalisugua lile sanduku nje yote mpaka likawa kama sufuria ya harusi. Wakaguzi walifurahi sana. Mwenyekiti aliwanunulia akina mama soda.

Halafu ikaja radi. Radi ya huku haipigi hodi. Ilikuwa alasiri ya mvua ya mawe, mwisho wa mwezi, wakulima wakisubiri malipo, na kompyuta ikatoa moshi.

Hawakuniita. Meneja alileta mashine mpya na fundi wake kutoka Kericho mjini. Mimi nilisimuliwa na waliokuwepo. Fundi aliuliza leseni iko wapi, meneja akasema usijali, iko nyuma ya ile ya zamani. Wakaigeuza. Iling'aa tu.

"Mama, hapa hapakuwa na stika?" meneja akauliza.

"Ile karatasi chafu?" akajibu mmoja wa akina mama. "Ilinishinda kwa sabuni. Nikaitoa kwa mafuta ya taa."

Alisema kwa fahari, na sikuweza kumlaumu hata niliposimuliwa. Alifanya kazi yake kuliko fundi.

Flashi ilikuwa nzima, kilo za mwezi wote zilikuwa ndani, lakini bila programu ilikuwa kama mkebe uliochomelewa kifuniko. Wakulima walijaa dirishani. Ndipo bakule wangu alipokuja nyumbani. Bakule ni rika lako, na huyu hakuwa rika la mbali. Tulikaa naye menjo moja, ile nyumba ya watahiriwa, tukala chakula kimoja, tukaogopa pamoja. Kwetu, mtu wa namna hiyo humshuhudii vibaya mbele za watu hata kama amekosa. Mnasemezana wawili.

"Bakule, shuka," aliniambia. "Wasomi wamekwama. Na karo ya mtoto wangu iko ndani ya kale kachuma."

Nikachukua hereni ya chama nikashuka. Meneja aliipokea akaigeuzageuza.

"Mzee, hii ni nini?"

"Sikio la mashine yako. Soma."

Alicheka, lakini akaandika. Programu ikajibu kwamba leseni hiyo tayari iko kwenye mashine nyingine. Hilo nilikuwa nalijua; lazima Nairobi waiondoe kwa ile iliyokufa. Tukapiga simu, meneja akaiweka sauti ili kamati wasikie. Mwanamke wa upande ule aliuliza kwa upole, "Naongea na mwenye leseni?"

"Naongea kwa niaba ya chama," akasema meneja.

"Hapa sioni chama, dada. Naona jina la mtu." Akalisoma. Majina yangu yote matatu, polepole, kama anayeita watu hospitalini.

Nikaichukua simu, nikatoa namba ya kitambulisho, nikajibu maswali yao, ujumbe wenye namba ukaingia kwenye barua pepe ya simu yangu, nikamsomea meneja, na programu ikafunguka. Kilo zote zikatokea, jina chini ya jina. Watu wa dirishani walipiga makofi. Bakule wangu alinipiga bega. Nilidhani hiyo ndiyo siku yangu. Kusema kweli nilikuwa nimeisubiri siku kama hiyo tangu nikiwa tarishi.

Mwenyekiti hakupiga makofi. Alikuwa anatazama ile simu mezani. Akasema neno moja tu, "Kumbe."

Lile kumbe lilitembea kuliko mimi. Kufikia siku ya soko, habari ilikuwa kwamba chama ni changu, kwamba naweza kukiuza, kwamba kilo za watu nazipunguza nikiwa kitandani kwangu kwa simu. Watu walionitegemea walianza kuja kuchukua hereni zao. Mchungaji mmoja hakuja mwenyewe, alimtuma mlinzi, na mlinzi hakujua hata ameambiwa achukue nini. "Wamesema nichukue sikio la kanisa," akaniambia. Nilimpa. Nikamuuliza bakule wangu watu wanasema nini hasa.

"Wanasema mengi."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi nasikiliza tu, bakule."

Kamati ikaniita. Mwenyekiti alianza kwa sala, kisha akasema, "Mzee, hakuna anayesema umeiba. Tunauliza tu, kwa nini jina lako?"

"Wewe ndiye uliyesema niliweke. Ulikuwa umekaa kwenye benchi langu."

"Mimi sikumbuki benchi."

"Unakumbuka nini?"

"Nakumbuka kwamba chama ni cha wakulima."

Meneja, yule msichana, ndiye peke yake aliyefungua mdomo. Alisema bila mimi malipo yasingetoka. Mwenyekiti akamwambia, "Wewe mama umeajiriwa. Haya ni ya wenyewe." Akarudi kwenye karatasi zake, na mimi sikumlaumu, kwa sababu mshahara ni mshahara.

Niliwaambia sina haja na leseni yao. Nitalitoa jina langu hapohapo, mbele yao, lakini nataka kumbukumbu za mkutano ziandike kwamba niliitunza tangu siku ya kwanza na kwamba niliitunza vizuri. Sikutaka kingine. Nina duka, nina chai yangu, nina watoto wamesoma kwa jasho langu. Nilitaka tu mstari huo uandikwe, watoto wa watu waje wausome.

"Hilo halina shida kabisa," mwenyekiti akasema.

Nikapiga Nairobi. Nikajibu maswali yaleyale. Mwanamke akaniuliza kama nina hakika, kwa sababu nikishaitoa siwezi kuidai tena. Nikasema nina hakika. Kisha akaniita mteja wetu mpendwa, ambalo ni neno zuri kuliko yote niliyoambiwa mwezi ule.

Mkutano mkuu ulipofika nilivaa koti. Katibu akasoma kumbukumbu. Nilisubiri. Alisoma kuhusu bei, kuhusu dawa ya tangi, kuhusu soda ya akina mama. Halafu akasoma: "Leseni ya chama iliyokuwa mikononi mwa mtu binafsi ilirudishwa." Akaendelea na jambo la barabara.

Nikainua mkono.

"Marekebisho, mzee?"

"Hapo palipoandikwa ilirudishwa. Kitu hurudishwa kikiwa kimechukuliwa. Na tulikubaliana mtaandika nimeitunza."

Nyuma kuna watu walicheka. Mwenyekiti akatazama mawingu. "Mzee, hiyo ni lugha ya kuandika tu. Tusikae hapa mpaka mvua. Nani anathibitisha?"

Mama mmoja akasimama.

"Nani anaunga mkono?"

Nilimtafuta bakule wangu kwa macho, nikijua angalau yeye atakaa kimya, na kimya kingenitosha. Alikuwa anatazama gambuti zake. Mkono wake ulikuwa juu.

Siku hizi maziwa yangu nampa mwenye hoteli hapa sokoni. Bei yake ni ya chini kuliko ya chama, na kikombe chake cha kupimia kimevimba upande usionifaa. Akishapima anachora mstari kwa chaki juu ya mlango wa jikoni, na mistari yangu na ya jirani yangu inakaribiana hata sisi wenyewe hatujui ya nani ni ipi. Juzi aliniuliza kama kompyuta ingemsaidia. Nilimwambia chaki inatosha.