Sori Mbili

Hakuna mtu wa nyumba hii aliyewahi kumpigia kinyozi magoti. Hilo liwekwe wazi kwanza, maana limezunguka mtaa mzima, na kila linapotoka mdomo mmoja kwenda mwingine linaongezwa chumvi. Wanasema Shangazi alikwenda kwenye kibanda cha kinyozi wa kona, akaanguka miguuni pake, akalia, akaomba mtoto asamehewe kwa kuvunja kioo. Shangazi hakulia. Mtoto hakuvunja kioo. Na goti lililofika chini lilikuwa moja tu, tena kwa sababu nyingine kabisa.

Shangazi ni mtu anayejulikana. Alikuwa mpiga chapa ofisini tangu ujana wake, na alipostaafu alikuja kukaa katika nyumba ya marehemu kaka yake, pamoja na wifi yake, yaani mjane wa kaka huyo, na binti yao kitinda mimba. Alipewa chumba cha mbele, chenye dirisha la barabarani. Kitanda chake hakina hata kunyanzi, na mkeka wake hukungutwa kila asubuhi, kwa sababu alasiri una wageni. Watoto wa jirani huvua viatu mlangoni, wakaingia na maneno ya Kiingereza waliyoyaokota shuleni, kila mmoja na lake. "Shangazi, hili maana yake nini?" Ndipo wakambandika jina la Shangazi Maana, na limemganda.

Hakuwa mtu wa kumtupia mtoto neno kwa neno na kumwambia aende zake. Neno alilichezesha. Siku ya "borrow" na "lend" alichukua kitana chake mwenyewe, akawasimamisha watoto wawili.

"Huyu anaazima, na huyu naye anaazima. Kwetu neno ni moja, tunaelewana kwa macho. Mwingereza haangalii macho. Anataka kujua kitana kinatoka mkono upi. Haya, kitoe. Wewe ni lend! Kipokee. Wewe ni borrow!"

Kitana kilikwenda kikirudi mpaka kikapoteza jino.

Siku nyingine mtoto wa fundi baiskeli alikataa katakata kujibu "I am fine."

"Shangazi, mimi sijakosa kitu. Faini ya nini?"

Shangazi alicheka hadi akalazimika kuvua miwani. Wifi yake alisikia kicheko hicho akiwa jikoni, na moyo wake ukatulia, maana nyumba iliyofiwa hukaa muda mrefu bila kusikia cheko la namna hiyo.

Basi ikawa siku moja huyo wifi yake alikuwa akipiga pasi chumba cha pili, akaunguza kidole, akapiga yowe. Shangazi akawageukia watoto.

"Mtamwambia nini kwa Kiingereza?"

Akawatajia mwenyewe:

"Sorry."

"Lakini si sisi tuliomchoma!" binti wa nyumba akateta.

"Ndiyo, hamkumchoma. Sikilizeni. Neno hili lina milango miwili. Ukiwa umekosa, ni samahani. Ukiwa hukukosa, ila umemwona mwenzako kaumia, ni pole. Neno lilelile."

Watoto wakapanga mstari hadi mlango wa pili. "Sori, Mama! Sori, Mama!"

"Jamani nimepokea!" mjane akasema. "Acheni na kidole kipumue."

Kesho yake binti alitumwa sabuni. Alipofika kwenye kona alimkuta kinyozi amesimama na ufagio, na kile kioo kikubwa kinachotazamana na kiti, ambacho wateja wote hujionea humo visogo vyao wakigeuzwa, kimelala sakafuni vipande vipande. Mtoto aliona huruma. Na alikuwa na neno jipya mdomoni, linamwasha. Akasimama mlangoni, akaunganisha mikono nyuma, akasema kwa sauti yake nzuri kabisa:

"Sori."

Sasa, kwa kinyozi huyu, sori ilikuwa na kazi moja. Wembe ukiteleza: sori, kaka. Sabuni ikiingia jichoni: sori, mzee. Maisha yake yote alikuwa akiitumia kuomba radhi, hata hakukumbuka kama ina matumizi mengine.

"Kumbe ni wewe!" akafoka.

"Mimi nini?"

"Si umesema sori mwenyewe? Wazazi wako wako wapi?"

Mtoto akatimua mbio, na mbio hizo zikawa ushahidi wa pili.

Hadi jioni habari ilikuwa imefika kila mlango: mtoto asiye na baba amevunja kioo, amekiri, amekimbia. Alasiri iliyofuata mkeka ulikuwa mtupu. Mama mmoja alipita chini ya dirisha akisema kwa sauti ya kusikika, "Humo wanafundishwa kuvunja vya watu, kisha waseme sori kwa Kiingereza." Binti alikuja peke yake, akakaa pembeni.

"Shangazi, mimi Kiingereza sikitaki tena. Kinamtia mtu hatiani."

Hilo ndilo lililomwinua Shangazi. Aibu ya mtaa angeweza kuivumilia, lakini mtoto aliyeogopa kufungua kinywa asingeweza kumvumilia.

"Wifi, usiende," mjane akamzuia. "Mtu wa nyumba hii haendi kujieleza kwa kinyozi."

"Siendi kujieleza. Nakwenda kuuliza."

"Kuuliza nini?"

"Nikifika nitajua."

"Basi angalau vaa viatu vya heshima."

Akavaa vile vyeusi vya kisigino, vya ofisini, ambavyo hakuvigusa tangu astaafu. Na hivyo viatu vya heshima ndivyo vilivyomponza. Kizingiti cha kinyozi kina ukingo wa bati, kisigino kikanasa, Shangazi akaenda mbele, goti moja likagusa sakafu. Mbele yake walikuwapo kinyozi na mteja aliyenyolewa nusu kichwa.

"Sori, mama! Sori, sori!" kinyozi akaruka na kumshika mkono.

Shangazi alisimama, akajipangusa gauni, akaweka miwani sawa.

"Ahsante, fundi. Kwani ni wewe uliyenisukuma?"

"Mimi? Nilikuwa huku na mashine mkononi!"

"Basi mbona unaniomba radhi?"

"Sikuombi radhi, mama, nakupa po..."

Neno likamfia mdomoni. Mashine ikaendelea kunguruma hewani. Yule mteja ndiye aliyeangua kicheko, nusu kichwa chake kikitikisika.

"Fundi, leo umejinyoa mwenyewe!"

Kinyozi alizima mashine. Lazima isemwe, ni muungwana. Hakusubiri hata kumaliza ule upande wa pili. Alifuatana na Shangazi barabarani mchana kweupe, amevaa aproni yake yenye nywele, watu wakichungulia milangoni, hadi chini ya dirisha la chumba cha mbele. Binti alikuwa ndani amejikunyata.

"Sori, mwanangu," kinyozi akasema.

Binti alimtazama kwanza shangazi yake, kisha yeye.

"Ya pole au ya samahani?"

"Ya samahani," kinyozi akajibu, kwa sauti ya kusikika hadi ng'ambo ya barabara.

Mtoto wa fundi baiskeli alikuwa wa kwanza kuvua viatu mlangoni. Kabla jua halijapoa mkeka ulijaa, na binti alikuwa katikati, akiwaeleza wenzake milango miwili ya neno kana kwamba yeye ndiye aliyeijenga.

Wako wanaoendelea kuuliza kioo kilivunjwa na nani basi. Kinyozi alikuja kumjua baadaye, na si mtu wa nyumba hii. Jina lake halitatajwa hapa, hata mkija kukaa kizingitini mpaka asubuhi.