Jeneza la Kahawa Nililolipeleka Kambini

Kosa ni langu, tena nalisema kabla hujaniuliza. Watu wa Bwera wanamlaumu Mzungu. Wengine wanawalaumu wanajeshi. Mimi nimekaa kimya nikiwaacha walaumu wanayemtaka, kwa sababu kimya kilinifaa. Leo nisikilize, ndugu yangu, halafu unione unavyotaka.

Nilikuwa karani wa taipu Kasese, miaka ya sabini imeanza tu na wanajeshi wameshika nchi. Mwajiri wangu alikuwa Mwingereza mzee, mwandishi wa riwaya na michezo ya kuigiza. Watu walimwita Bwana Karatasi. Alikuwa ameandika riwaya kumi na moja, na kwao, alivyoniambia mwenyewe, walikuwa wamemchoka kufikia ya sita. Mchezo wake wa mwisho ulichezwa London siku nne, ya tano mwenye ukumbi akatia kufuli. Ndipo akaja kwetu, akapanga nyumba kando ya barabara ya Hima, malori ya saruji yakimtimulia vumbi kwenye chai.

Aliandika amesimama, kwenye meza ya kupigia pasi, tangu asubuhi hadi saa sita. Kila ukurasa aliusoma kwa sauti akiigiza watu wote, hata wanawake. Ukimchosha, anauchana. Mimi nilitaipu kilichobaki. Siku nyingine nilitaipu jina la kitabu tu, nikaenda nyumbani.

Basi akakauka. Miezi miwili hakuna kitu. Akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuamrisha: "Karani, mimi iko kavu. Leta hadithi ya kweli."

Nikampelekea ya dada yangu. Loo, mdomo huu!

Dada yangu anaitwa Masika, kama mabinti wengi wa kwanza kuzaliwa kwetu mlimani. Mimi namwita Yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa. Mama alipokufa, yeye ndiye aliyenilea, akishuka njia za Kyarumba na maharage kichwani na mimi mgongoni. Aliolewa Bwera, pale mpakani, na Mkongomani mmoja mpole. Wakati ule kahawa ilikuwa na bei nzuri ng'ambo ya mto wa mpaka, kwa Wakongomani, lakini kuivusha ni magendo: ukikamatwa unafungwa, au unapotea kabisa. Yaya alivusha. Aliipanga ndani ya jeneza, wenzake wanne wakalibeba begani, yeye nyuma analia. Koo zetu ziko pande zote mbili za mto, kila mtu anazikwa kwa baba yake, na maiti haisimamishwi njiani. Msiba ukifika darajani hata askari anavua kofia. Yaya walimvulia kofia mara tatu.

Alinisimulia tukichambua maharage, anacheka mpaka anashika ubavu.

"Usiseme kwa mutu, weye."

"Nitamwambia nani, Yaya?"

Jumatatu yake nikamwambia Mzungu.

Mzee wa watu alitokwa na machozi ya furaha! Aliandika mchezo mzima kwa siku tisa. Nikaona hakuna ubaya, ni Kiingereza, utasomwa na watu wa baridi huko kwao. Akaniuliza mwanamke tumpe jina gani. Nikasema Masika. Akina Masika wamejaa mlima mzima, nikajiona nimemficha vizuri sana.

Ungeishia hapo ningesalimika. Lakini mkubwa wa kambi ya jeshi, ile iliyotoa walinzi wa daraja, alitaka burudani ya sikukuu kwa askari na wake zao, akasikia kuna Mzungu anatunga michezo. Miaka ile mkubwa wa kambi akiomba, hujibu hapana. Askari wenyewe walitoka kila pembe ya nchi, wanaelewana kwa Kiswahili, kwa hiyo nikaambiwa nitafsiri.

Sasa sikia hapa, maana dhambi yangu iko hapa. Mzungu alisita. Alivua miwani, akaniuliza, "Karani, dada yako iko salama? Tunaweza ondoa jeneza. Tunaweka kitanda ya mugonjwa, ama kitu ingine."

Alikuwa tayari kuharibu mchezo wake, mtu ambaye hakuwa amefurahi mwaka mzima. Nikamwambia, "Hapana, bwana. Bila jeneza hawatacheka."

Nilisema mimi! Kwenye tafsiri nilikuwa nimechomeka maneno yangu mwenyewe, nikataka kuyasikia yakichekewa.

Walicheka. Mke wa sajini alikuwa Masika, akalia kilio cha uongo hadi kilemba kikamwanguka. Afande mmoja alipinduka na kiti chake. Mkubwa wa kambi alinipa mkono mbele ya watu wote, na wiki nzima nikatembea Kasese kifua mbele.

Mwezi haujaisha, shemeji akafa. Tumbo, siku tatu tu. Tukamweka kwenye jeneza, tukalipigilia misumari, tukatoka Bwera asubuhi kwa miguu kumpeleka kwao, ambako kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Mimi nilibeba mbele, upande wa kulia.

Darajani hakuna aliyevua kofia. Walianza kutabasamu tukiwa bado mbali. Mmoja nilimtambua, yule aliyepinduka na kiti.

"Simama! Masika ni nani hapa?"

"Ni mimi, afande," Yaya akasema. "Huyu iko bwana yangu."

"Weka chini. Fungua!"

Yaya akapiga magoti. Akawaeleza kwamba kwetu mtu akishapigiliwa misumari hafunguliwi tena. Wakazidi kucheka, kwa sababu Masika wa mchezo naye alipiga magoti hapohapo. Wakang'oa kifuniko. Yule afande alikuwa na bambo, ule mrija wa chuma wenye ncha wanaochomea magunia ili waione kahawa. Akauliza, "Marehemu anakunywa na sukari ama bila sukari?"

Maneno hayo Mzungu hakuyaandika. Niliyaandika mimi.

Akachoma sanda.

Haikutoka kahawa. Kilichotoka sikisemi. Afande akalipangusa bambo kwenye nyasi, akainua uso, akaniona.

"Eh, karani! Mwenye mchezo wa kambini! Kumbe leo umeleta ya kweli. Haya, pita."

Yaya akageuka kunitazama. Nilitamani mto unichukue.

Tulizika. Watu walipoanza kutawanyika akanijia, mikono ina udongo.

"Siku ile kambini, walicheka?"

"Walicheka, Yaya."

"Sana?"

Nikainama kuokota jembe.

"Nakuuliza, sana?"

"Sana."

Akatikisa kichwa, akaenda kunawa. Hajaniambia neno lingine mpaka leo, na huu ni mwaka wa sita. Nikienda kwake ananiwekea chakula, anatoka nje. Na pale darajani sasa kila jeneza linafunguliwa, kila mjane anasimama pembeni anatazama.

Mzungu alirudi kwao. Kitabu kikatoka, akanitumia nakala. Ukurasa wa kwanza amenishukuru kwa jina langu kamili, akasema bila mimi kisingekuwapo. Ni kweli tupu. Ndiyo maana hapa jina siandiki.

Wewe unayesoma, uliye na dada anayekuamini, nakuomba. Akikusimulia jambo lake, cheka naye palepale, liishe. Usilipeleke kwa mtu, hata awe Mzungu, hata awe mzee anayekutia huruma, hata ukijua watu watalipenda. Hasa ukijua watu watalipenda! Mimi nilipigiwa makofi na kambi nzima. Dada sina.