Nilidhani nimeshika mimba uzeeni, nikamkimbia mwanangu aliyejifungua

Wakuu habari za humu.

Mimi ni msomaji wa miaka mingi, huwa siandiki. Leo naandika kwa sababu jambo hili limenikaa kooni na hapa nyumbani sina wa kunishauri. Majina nimebadilisha, mengine yote ni kama yalivyonikuta. Mtakaocheka chekeni tu, nimeshajicheka na kujililia mwenyewe.

Mimi ni mama wa miaka arobaini na saba, naishi Mnyambe, Newala. Mkulima wa korosho kama watu wote wa huku. Niiteni Mama Rehema.

Kuna kitu kimoja inabidi mkijue mapema maana ndicho kilichoniponza. Mimi ni kungwi. Wasichana wa hapa wakivunja ungo, anayewafunda unyagoni ni mimi. Hedhi, usafi, mimba, kulea, mambo ya ndoa, yote yanapita kwangu. Nikipita njiani, wanawake wazima wenye watoto mgongoni wananipigia goti. Na heshima hiyo naipenda, nisiwadanganye.

Sasa twende.

Mwaka jana, wakati tunapulizia dawa ya salfa kwenye mikorosho, period yangu ilikata. Mwezi wa kwanza sikujali. Wa pili nikaanza kuhesabu kwa vidole.

Halafu likaja joto. Nimekaa zangu nachambua mboga, mara moto unapanda kutoka kifuani hadi masikioni, jasho linatoka mpaka kanga inaloa. Dakika chache limepita, natetemeka kwa baridi. Nikasema ni salfa hii imenikaa mwilini. Usingizi nao ukanikimbia.

Dawa yangu ikawa kujimwagia maji. Na wenyeji wa Newala mnajua, maji kwetu huku juu si kitu cha kuchezea, ndoo unanunua. Mume wangu akaja kuchungulia pipa, akaniuliza, "Mama Rehema, hili pipa tunaoga wawili au umenunua ng'ombe hujaniambia?"

Nilimjibu vibaya siku ile. Hasira zilikuwa zinakuja zenyewe, hata kijiko kikianguka nagomba.

Tumbo likaanza kujaa. Matiti yakawa yanauma. Chakula kinanichefua. Nikajikalisha chini nikajipima kwa dalili zilezile ninazowafundisha wasichana kila mwaka, na zote zikatimia. Nikajijibu mwenyewe: mama, una mimba.

Jamani! Nilikaa chini ya mwembe... hapana, nisiwaongopee, nilikaa chooni, ndiko pekee nisikoulizwa kitu, nikalia.

Kwa nini nilie? Kwa sababu Rehema, mwanangu wa pekee, ameolewa Nanganga kule Masasi, na wakati huo alikuwa na mimba yake ya kwanza. Kwetu mama kubeba mimba pamoja na bintiye ni aibu kubwa. Watu wanauliza, hawa wanashindana? Na mimi ndiye ninayewakalisha akina mama wenzangu na kuwaambia, binti akianza kuzaa, wewe pumzika.

Najua mnataka kusema, si ungenunua kipimo?

Nilikwenda wakuu. Duka la dawa la hapa anauza binti niliyemfunda mwenyewe. Kanipigia goti, "Shikamoo mama, nikupe nini?" Nikanunua dawa ya kichwa. Wiki nyingine nikaenda tena, nikanunua dawa ya kichwa. Zahanati nako wauguzi wawili nimewafunda. Niende nikamwambie nani? Kwamba kungwi hajui kama ana mimba au hana?

Dawa za kichwa zimejaa kabatini mpaka leo.

Korosho zikaanza kuanguka, na siku za Rehema zikakaribia. Huku kwetu uzazi wa kwanza mama mzazi ndiye anayekwenda kumuuguza binti. Umkande kwa maji ya moto, umpikie uji wa pilipili manga, umwoneshe namna ya kumshika mtoto. Tulishapanga. Tulishakubaliana hata jina, akizaliwa wa kike ataitwa Zainabu, jina langu mimi.

Akanipigia. "Mama, unakuja lini?"

Nikaona vile nitakavyoingia kwa wakwe na tumbo langu. Mama mkwe wake, Bibi Hadija, ni mtu mzima aliyezaa saba, ataniangalia mara moja tu atajua.

Nikamwambia, "Korosho zimeanguka nyingi mwanangu, nikiziacha zitaoza. Nitakuja wiki ijayo."

Wiki hiyo ilipofika nikasema hivyohivyo.

Alijifungua mtoto wa kike. Uchungu ulimsumbua sana, akashonwa. Alinipigia akiwa amelala, sauti imekauka, akaniuliza, "Mama, nimekukosea nini?"

Nikasema hujanikosea kitu, ni korosho tu.

Akasema, "Haya mama. Okota korosho." Akakata simu.

Wakuu, hapo nilipaswa kupanda gari jioni ileile. Sikupanda. Nilijifunga kanga mbili nikaenda shamba, nikaokota korosho huku nalia, na waliokuwa karibu nikawaambia ni vumbi.

Arobaini ya mtoto ikafika. Hiyo huwezi kuikwepa, nisipokwenda ukoo mzima utahoji. Nikaamua nipitie Masasi kwanza, mjini ambako sijulikani, nijue la kufanya. Nikaingia kliniki moja, nikaandikisha jina la marehemu shangazi yangu. Mtu mzima mimi!

Muuguzi alikuwa kijana wa kiume, mpole. Akachukua mkojo, akapima, akarudi.

"Mama, huna mimba."

"Rudia."

Akarudia. "Huna mama."

"Mwanangu, mimi mambo haya ndiyo kazi yangu. Nakwambia nina mimba."

Hakunicheka, Mungu ambariki. Akaniuliza mara ya mwisho niliona siku zangu lini, joto linakujaje, usingizi ukoje. Kila alichouliza kilikuwa ndicho. Mwisho akasema, "Mama, huu ni umri. Unaelekea kukoma hedhi. Homoni zinapanda na kushuka kabla hazijatulia chini, ndizo zinazokuletea joto na hasira. Hata matiti kuuma na tumbo kujaa ni zenyewe. Si ugonjwa."

Nikamuuliza dawa ya kuzirudisha, maana nilishaona kwenye simu watu wanauza unga wa kubalansi homoni. Akasema hakuna unga wa kurudisha homoni za usichana, nisitupe hela yangu. Nilale kwa saa za kueleweka, nitembee, nipunguze pilipili na chai kali kama naona zinaniletea joto. Nile choroko, kunde, mboga za majani, na dagaa kwa ajili ya mifupa. Nipime presha. Joto likinishinda nirudi kwa daktari, zipo dawa za hospitali lakini lazima wanipime kwanza. Akaniambia pia, kabla ya mwaka mzima kupita bila hedhi mimba bado inaweza kuingia, nisijiachie. Na nikishamaliza mwaka halafu damu irudi, nisikae nyumbani, niwahi hospitali.

Naandika haya kwa kirefu kwa sababu mimi kungwi sikuyajua hata moja. Na mimi nilifundwa, lakini aliyenifunda aliishia kwenye kuzaa. Hakuna aliyeniambia mlango wa kutokea ukoje.

Mtadhani nilifurahi kusikia sina mimba. Nilikaa kwenye benchi pale nje. Nilikuwa nimemwacha mtoto wangu peke yake kwa ajili ya kitu ambacho hakipo.

Nikafika Nanganga. Rehema alikuwa uani anaanua nguo za mtoto. "Shikamoo mama." Hakuniangalia.

Bibi Hadija ndiye aliyenipokea mzigo, akaniletea mtoto, akaniwekea mikononi. Mweupe, ana nywele nyingi. Nikasema, "Zainabu wangu."

Bibi Hadija akainamisha kichwa. Rehema akajibu kutoka kule kwenye kamba, "Anaitwa Hadija, mama."

Baadaye nikaja kujua. Bibi Hadija naye ana mikorosho. Aliziacha korosho zake chini, zikanyeshewa, akawa anachemsha maji ya kumkanda mwanangu asubuhi na jioni.

Nilisubiri wageni waondoke, nikamvuta Rehema chumbani, nikamwambia yote. Joto, dawa za kichwa, jina la shangazi, kijana wa Masasi. Alicheka kwanza, akacheka mpaka akashika tumbo. Halafu akaanza kulia.

Akasema, "Mama, mimi nilikuwa na kipimo kimoja kimebaki kwenye begi. Ungeniambia tu, ningekupima mimi."



Unyago wa likizo ya Disemba, nilipomaliza na wasichana, niliwaambia mama zao wasiondoke. Nikawaeleza yaliyonipata. Nilitamani ardhi inimeze. Kisha mama mmoja nyuma akauliza, "Kumbe lile joto na wewe unalo?" Wakaanza kuzungumza wote kwa pamoja. Mmoja alikuwa ameshazunguka kwa waganga wawili kwa jambo hilohilo.

Nilichojifunza ni kwamba aibu yangu nilikuwa nailinda mimi, aliyeilipa ni Rehema. Akina mama wa umri wangu, nendeni mkapime, hata kama anayepima mlimfunda nyinyi. Na nyinyi vijana, mama akianza kukukwepa bila sababu, usinune, mfuate umuulize.

Waliopitia haya semeni, mlifanyaje na joto? Na aliyewahi kumkosea mwanawe hivi, mlipatana vipi? Hilo ndilo ninalolihitaji zaidi.

Sisi tunaongea sasa, anapiga kila Ijumaa. Juzi tukiwa kwenye simu nikasikia mtoto analia nyuma, nikasahau, nikauliza, "Zainabu anataka nini?"

Nikajishtukia.

Nikasema, "Hadija. Hadija anataka nini?"

"Anataka kubebwa, mama."