Pampasi za Mama Mukwe

Mke wangu alikuwa amevuka ziwa kwenda matanga ya mjomba wake upande wa Kongo, akaniachia nyumba, watoto wawili na mama yake. Siku ya tatu akapiga simu. Sauti ilikuwa inakuja na kukatika.

"Baba ya batoto, mama ananiambia ku simu vitambaa vyake havikauke na hii mvula. Nenda ku farmasi, umununulie pampasi ya batu bakubwa."

"Ya namna gani?"

Simu ikakatika. Vitambaa gani? Miezi mingi nilikuwa nikiviona kwenye kamba nyuma ya nyumba, vipande vya kitenge vilivyoshonwa viwili viwili, nikidhani ni vya jikoni. Sasa nikaelewa, na nikatamani nisingeelewa. Kwetu mukwe na mama mukwe hawatazamani machoni. Tumeishi naye nyumba moja tangu tulipokimbia vita, lakini akiingia sebuleni mimi natoka. Nikiwa na neno namwambia mke wangu, naye anamfikishia. Leo nimchagulie mama huyu vazi la ndani?

Farmasi iko karibu na mahali mabasi ya kwenda mjini Mansa yanapopakia. Muuzaji ni mama wa Kibemba, mwenyeji wa huku, aliyejifunza Kiswahili kwa wateja wa ng'ambo. Aliniwekea paketi tatu mezani.

"Hii iko na gundi pembeni, unafunga. Hii banavaa sawa vile kaputula. Hii kiloko, hii ndogo, banabandika ndani ya nguo. Mugonjwa anatembea?"

"Anatembea."

"Anasikiaka mukojo inakuja, ao inatoka tu yenyewe?"

Sikujua.

"Inatoka mingi ao kidogo?"

Sikujua.

"Kiuno yake iko namna gani?"

Hapo nikatazama sakafu. Hata kama ningejua, nisingesema. Kwenye paketi kulikuwa na matone yaliyochorwa, huku manne, kule sita, nikafikiri labda ni mara ngapi kwa siku mtu anabadilisha, kumbe ni kiasi cha mkojo ambao pampasi inanyonya. Nyuma yangu wanawake wawili walikuwa wameacha kuongea ili wasikie vizuri. Nikachukua ya gundi, paketi kubwa kuliko zote, nikijiambia kikubwa hakikosi kufaa.

Niliiweka mbele ya mlango wa mama, nikakohoa, nikaenda zangu. Asubuhi nikaikuta juu ya kiti changu, imefunguliwa. Nyuma ya pazia la chumba chake sauti ikasema:

"Niko nasema na ukuta. Ukuta, ambia ule mutu: mi siko mutu wa kulala ku kitanda. Kama naenda ku choo, nifungue gundi yote ile? Mukojo itaningojea?"

Na mimi nikageukia ukuta. "Munisamehe, mama. Sikujua."

"Hata mi sijue. Twende."

Akatangulia, nami nyuma yake hatua kumi, tukipita kwenye matope na mikeka ya chisense, dagaa wa ziwani, iliyofunikwa plastiki. Kwenye farmasi nilibaki nje. Kibemba changu ni cha kuuzia mihogo tu, si kama cha mama, kwa hiyo katika maongezi yao marefu nilishika neno moja, *panono*, yaani kidogo. Halafu wote wawili wakacheka. Mama mukwe, anacheka!

Alitoka na zile ndogo za kubandika kwa kila siku, na paketi moja ya kaputula kwa siku za safari. Akaniambia, macho yakiwa barabarani, kwamba mkojo unamtoka kidogo tu, akikohoa au akiinua ndoo. Muuzaji alimshauri aende kliniki, maana wengine wanapata nafuu. Kisha mama akanipa mfuko nibebe. Nikausukuma ndani ya koti.

"Mbona unaficha? Ni samaki ya kuiba?"

Nikautoa. Zile za gundi tulimpelekea jirani, ambaye baba yake hainuki kitandani, naye akashukuru sana. Kliniki mama alienda wiki iliyofuata na mke wangu, aliyekuwa amerudi. Nini kilisemwa huko sikuuliza.

Tungepaswa kurudi kwenye desturi yetu, na mara nyingi tunarudi. Lakini siku nyingine anaingia sebuleni nami nasahau kutoka. Anakaa. Tunabaki hivyo, kila mmoja akitazama upande wake, na sijui ni nani kati yetu amekosea.